Dirisha la Tatu

Rauni Heikkinen amevua glavu moja,
ya pili ameisahau mkononi.
Mahakama ya Sudbury, ghorofa ya chini. Februari,
theluji imekuwa kijivu kwa chumvi ya barabarani.

"Nataka hati ya talaka ya wazazi wangu."
Karani, Bi. Thibodeau, hainui kichwa.
"Mwaka?"
"Sabini na tisa. Au themanini."
"Mdai alikuwa nani?"
"Baba." Anasita. "Nadhani Baba."
"Namba ya shauri?"

Ningekuwa na namba, anawaza Rauni,
ningekuwa na hati,
nisingesimama hapa nikinuka sufi mbichi.

Fomu inauliza uhusiano wake na wahusika.
Kuna kisanduku cha mume, cha mke, cha wakili.
Cha mtoto hakuna.
Anatia alama penye *mengineyo*.
Miaka arobaini na mitano amekuwa mengineyo
na leo ndiyo kwanza anaandikishwa.

Ofisi ya pensheni imeandika mara mbili:
marehemu Urho Kalervo Heikkinen, mchimba nikeli,
alikuwa na mke au hakuwa?
Thibitisha.
Mama, kwenye makao ya wazee, alipoulizwa
alijibu kwamba kahawa imepoa.

"Ada ya kutafuta hairudishwi," anasema karani,
"hata tusipopata."
Analipa. Faili liko ghalani, mji mwingine.
Arudi baada ya siku kumi.

Anarudi ya kumi na mbili.

Faili ni jembamba kuliko daftari la shule.
Mdai: Saimi Heikkinen.
Anasoma tena. Saimi. Mama.
Wakili alipiga chapa *ukatili wa kiakili*,
na mtu akakata *ukatili* kwa kalamu ya bluu,
akaandika juu yake *ukimya*,
akatia herufi zake pembeni, S.H.,
jinsi sheria inavyotaka.

Kisha mali:
nyumba kwa mke. Cherehani kwa mke.
Mtumbwi, nusu kwa nusu.
Jiko la sauna kwa mume,
ingawa sauna ni ya nyumba
na nyumba ni ya mke.

Kumbe.
Ndiyo maana kila Jumamosi Baba alikuja
na taulo begani na kuni kwenye sleji,
akaingia kwa mlango wa nyuma,
akatoka mwekundu, akanywa kahawa amesimama,
akaenda zake chumbani kwake mtaa wa tatu.
Rauni alidhani walioachana wote huishi hivyo.

Karani anageuza karatasi ya mwisho. Anaigeuza tena.
"Hii ni amri ya muda," anasema.
Machi kumi na nne, elfu moja mia tisa na themanini.
Miezi mitatu ya kungoja, eda ya karatasi,
kisha mdai arudi aombe ya mwisho.
"Hakurudi."
"Nani?"
"Mama yako."
Bi. Thibodeau kwa mara ya kwanza anamtazama usoni.
"Kisheria walikuwa mume na mke
mpaka Novemba iliyopita."

Nyuma ya Rauni mtu anakohoa, foleni inasogea nusu hatua.

"Kilichopo nitakigongea muhuri," anasema karani.
"Kwa kisichokuwepo kuna fomu nyingine."
"Nayo ina ada?"
"Nayo ina ada."

Jioni anakaa kando ya kitanda,
bahasha mapajani, muhuri bado una unyevu.
"Mama, mbona hukurudi mahakamani?"

Saimi anaangalia dirisha.
"Kulikuwa na theluji."

"Ilikuwa Juni, Mama."

Anafikiri. Kidole chake kinafuata pindo la blanketi
kama kinachofuata mshono.

"Basi ilikuwa Jumamosi."